Mche wa Asha na Bomba la Msikiti



Juzi baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa madrasa hapa Kiloleli aliniuliza iwapo kila filamu ni upotevu wa muda. Nikamtajia "Pumzi", ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotoka mwaka 2009.

Ni filamu fupi, ya dakika 20 na ushei, isiyo na majeshi wala miji inayolipuka. Sehemu kubwa yake imo ndani ya makazi yaliyofungwa, baada ya vita vya kugombea maji. Humo jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Binti aitwaye Asha anaotesha mbegu, kisha anatoka kwenda jangwani kuupanda mche wake, akiunywesha maji yake ya mwisho.

Sisi wa Simiyu twaujua ukame. Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuupanda mche ulio mkononi hata Kiama kikisimama, na kutofanya israfu ya maji hata penye mto utiririkao. Lakini bomba la kutawadhia huachwa wazi, nami katibu nimewahi kulipita bila kulifunga.

Basi mzazi, usitosheke na kukataza. Itazame kwanza wewe, kisha keti na mwanao umuulize: Je, ungelikuwa Asha, maji yale ungeyanywa? Akishajibu, mpe jembe na mche.

Wabillahi tawfiq.