Tahadhari ya moto viwandani ianzie katika lugha

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo ina ukweli wake jikoni na shambani. Ndani ya kiwanda cha kukaushia majani chai, maziwa, sukari au nafaka, hata hivyo, anayengoja moshi ndipo atambue kuna moto huwa amekwisha kuchelewa. Huko joto hutangulia moshi, na pengine mlipuko hutokea kabla ya yeyote kuona moshi wowote. Suala ninalokusudia kulijadili katika makala haya ni hili: je, mfanyakazi aliyekabidhiwa mashine hizo ana maneno ya kulitangaza joto hilo kabla halijageuka kuwa moto?

Ukaushaji si kazi ndogo katika uchumi wetu. Majani chai ya Kericho, Nandi na Murang'a hayawezi kufika sokoni bila kupitia mashine inayopunguza maji yake hadi takriban asilimia 3. Mahindi nayo hayapaswi kuwekwa ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5. Tunakumbuka mwaka 2004, watu 125 walipofariki katika maeneo ya mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na aflatoksini, yaani sumu ya kuvu. Si ajabu kwamba mwaka 2023 serikali ilisambaza mashine za kukaushia mahindi zinazoweza kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali. Mashine hizi tunazihitaji. Hata hivyo, kila mashine ya aina hii huweka moto na chakula chini ya paa moja, na ujirani huo una masharti yake.

Sharti la kwanza ni kuelewa jinsi kitu kinavyokauka. Hewa inayoingizwa katika mashine inaweza kuwa na joto linalopita nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali chembe zinazokaushwa zisifikie joto hilo hata kidogo. Sababu ni kwamba maji yanapogeuka mvuke huchukua joto na kuondoka nalo, kama vile jasho linavyoupoza mwili wa mkulima juani. Maadamu chembe ina maji, maji hayo ndiyo ngao yake. Yakiisha, joto lililokuwa likitumiwa kuyavukiza huanza kuipasha chembe yenyewe. Ndiyo maana saa ya hatari mara nyingi si ile ambayo mashine imejaa mali mbichi, bali ni ile ambayo mali imekwama njiani, mkanda umesimama, na huku hewa ya moto ikiendelea kuvuma juu ya mabaki machache yaliyokwisha kukauka.

Sharti la pili linahusu mabaki hayo. Unga wa maziwa au vumbi la majani chai likigandamana katika pembe za mashine, tabaka nene hufanyika. Ndani ya tabaka hilo joto huzalishwa polepole na hukosa pa kutokea. Tabaka jembamba hupoa. Tabaka nene hujipasha hadi likawa kaa bila mtu kuliwasha. Ni hali ile ile ya mlundo wa majani mabichi unaofuka moshi kwa ndani ijapokuwa kwa nje unaonekana baridi.

Sharti la tatu linahusu mashine yenyewe. Beringi iliyokosa grisi, feni inayogusa ganda lake, au mkanda unaosuguana na fremu huzalisha joto ambalo halikupangwa na mhandisi yeyote.

Ushahidi wa hatari hii ya mwisho uliandikwa kwa damu huko Marekani. Usiku wa tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar kilichoko Port Wentworth, jimbo la Georgia, kililipuka. Watu 14 walipoteza maisha na makumi ya wengine wakajeruhiwa. Bodi ya Marekani ya Uchunguzi wa Ajali za Kemikali ilitoa ripoti yake mwaka 2009. Ilieleza kwamba mlipuko wa kwanza ulianzia katika mkanda wa kusafirishia sukari uliopita chini ya maghala, na kwamba yaelekea chanzo chake kilikuwa beringi iliyopata joto kupita kiasi. Mwaka uliotangulia, mkanda huo ulikuwa umezungushiwa mabamba ya chuma ili sukari isichafuliwe. Nia ilikuwa njema, lakini mabamba yale yalilifungia vumbi ndani. Mlipuko wa kwanza ulitimua vumbi lililokuwa limetanda sakafuni na juu ya vyuma vya jengo, nalo likalipuka kwa zamu yake, chumba baada ya chumba.

Kutokana na mkasa huo na mantiki ya ukaushaji, kinga yake yafahamika. Joto lipimwe mahali hewa inapotokea, wala si inapoingilia tu, kwa kuwa ni huko litakakoonekana likipanda pindi mali inapopungua. Chombo cha kukata joto chenyewe kiwekwe, kisitegemee mkono wa mtu aliyechoka usiku wa manane. Katika kuzima mashine kwa kawaida, joto liondolewe kwanza na feni iachwe ivume hadi mashine ipoe. Vumbi lifagiliwe kila zamu bila kurushwa hewani. Beringi zipimwe joto na zitiwe grisi kwa ratiba. Na pakishukiwa kaa ndani ya mashine, mlango usifunguliwe kwa pupa, maana hewa mpya ni chakula cha moto.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Kila mojawapo ya hatua hizi hutegemea ujumbe: mtu ameona jambo, akamwambia mwenzake, naye akaelewa. Sasa tutazame usemi uliozoeleka wa "mashine imeshika moto." Husemwa kuhusu injini iliyopashwa vya kutosha na iko tayari kwa kazi. Husemwa pia kuhusu injini iliyochemka na inayohitaji kuzimwa. Tena husemwa kuhusu kitu kinachowaka ndimi za moto. Usemi mmoja, hali tatu, na kila hali yadai kitendo tofauti: endelea, zima, kimbia. Barabarani, muktadha huondoa utata huo. Katika kupokezana zamu, ambapo anayetoka ana haraka ya kwenda kulala na anayeingia hajaiona mashine, muktadha huenda usitoshe.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutenganisha hali hizo. Twaweza kusema "joto la kazi" kwa kiwango kinachotakiwa, "joto la kupindukia" kwa kiwango kilichovuka mpaka, na neno "moto" tukaliachia mwako wenyewe. Lugha hii imekwisha kutofautisha kuanika, kubanika, kukaanga na kuunguza. Haitashindwa kutofautisha nyuzi za boila. Kinachokosekana ni makubaliano ya kuyatumia maneno hayo kwa maana moja na kuyaandika ukutani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika kwa usalama wao. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Tukiziweka sheria hizi mbili sambamba, hoja hujitokeza yenyewe: taarifa isiyoeleweka si taarifa, ni pambo. Ubao wa onyo uliobandikwa kwa Kiingereza mbele ya mpakiaji ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha humlinda mwajiri mbele ya mkaguzi, lakini haumlindi mpakiaji mbele ya mashine.

Wapo watakaopinga kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za uhandisi. Hoja hiyo inawapuuza mafundi wenyewe, ambao tangu zamani wanasema beringi, grisi, feni, geji na mkanda bila kungoja kamati yoyote. Kazi ya wasomi ni kuyakusanya maneno hayo kutoka sakafu ya kiwanda, kuyasawazisha na kuyarudisha yakiwa na maana zilizobainishwa. Tukibuni istilahi mabarazani na kuzitupia viwanda, zitabaki kamusini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Huko Port Wentworth, lugha haikuwa kizuizi. Hatari ya vumbi la sukari ilijulikana kwa miongo mingi, na mashauri ya kuliondoa yalikuwepo kwa lugha iliyofahamika. Hata hivyo vumbi liliachwa, na wachunguzi waligundua kwamba mazoezi ya kuhama jengo wakati wa dharura hayakuwa yakifanywa. Nakubali, basi, kwamba maneno peke yake hayazimi moto. Lakini jambo hilo halidhoofishi hoja yangu. Ikiwa walioelewa waliangamia kwa kutotenda, hali ya wasioelewa ni ipi, wao ambao hata nafasi ya kuchagua kutenda hawajapewa?

Walimu wa Kiswahili wana fursa hapa. Somo la sajili limezoea kutupeleka mahakamani, hospitalini, sokoni na ndani ya matatu. Ni mara chache linatuingiza kiwandani, ilhali wengi wa wanafunzi wetu watapata riziki huko. Mwalimu aliye karibu na kiwanda cha chai au cha sukari anaweza kuwatuma wanafunzi wake, kwa idhini ya wenye kiwanda, wakachunguze ni maneno gani hutumiwa kuarifu joto, vumbi na kukwama kwa mashine. Kisha darasani waandike maagizo ya kuzima mashine kwa sentensi fupi zenye kitendo kimoja kimoja. Hilo ni zoezi la uandishi wa kiuamilifu kwa maana yake kamili, kwa sababu kosa la sarufi ndani yake laweza kugharimu zaidi ya alama.

Waajiri nao, pamoja na wakaguzi wa serikali, waanze na jambo dogo. Kabla ya kuuliza kama ubao wa onyo umebandikwa, wamwombe mfanyakazi wa zamu ya usiku aeleze kwa maneno yake mwenyewe ubao huo unasema nini, na atafanya nini kipimajoto kikivuka alama nyekundu. Akibabaika, mashine hiyo haijawa salama, hata kama geji zake zote ni mpya.