Kicheko Kisichofundisha

Kijana wa Kiembeni ajifunzaye Kiingereza usiku kwa simu yake hafanyi upuuzi. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilifika Mombasa, na masomo yaliyokuwa mbali yakasogea karibu. Kazi anayoitamani iko katika hoteli za Bamburi, au bandarini, ambako onyo lisiloeleweka kando ya winchi laweza kumpotezea mtu mkono.

Lakini wako wanaomcheka akikosea. Nauliza: kicheko hicho kimemfundisha nani? Mgeni akitamka "shikamoo" kwa ulimi mzito, twampigia makofi. Jirani yetu akikosea neno la Kiingereza, twamfedhehesha. Hiyo si haki. Kwa kuiogopa fedheha, husikiliza masomo mengi asitamke hata sentensi moja, na siku ya usaili kinywa hufungika kama kufuli yenye kutu. Simu yaweza kumfunza. Haiwezi kumjibia mwajiri. Kusema hujifunzwa kwa kusema.

Wala tusidhani kuwa Kiingereza ndicho akili. Ni chombo cha kazi, kama jembe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna kati ya hizo iliyopewa kazi ya kumdhalilisha mtu.

Basi, mwenzako akikosea, msahihishe kwa upole, kisha nawe useme akusahihishe. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.