Kabla ya Shada, Mrabaha

Agosti 10, 1920, jijini New York, Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues", utunzi wa Perry Bradford, kwa kampuni ya Okeh. Wenye kampuni za santuri walikuwa wameshikilia kwamba Wamarekani weusi si wateja. Santuri ile ikanunuliwa kama njugu, na muda si mrefu kampuni zilezile zilizomfungia Bradford milango zikawa zinagombania waimbaji wa kike weusi.

Toleo la kuwaenzi magwiji wa bluzi lingetarajiwa kuja na orodha: santuri mia moja bora, nani wa kwanza, nani wa mwisho. Jarida limeikwepa kwa makusudi. Orodha za namna hiyo husifu sauti ya msanii na kuukalia kimya mkataba wake, ilhali nusu ya historia ya bluzi imo kwenye mikataba.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa Bessie Smith. Columbia ilianza kumrekodi mwaka 1923, na katika miaka kumi aliacha rekodi 160. Alilipwa kwa kila wimbo uliokubaliwa, basi, mrabaha hakuuona. Alipofariki Septemba 1937 kwa ajali ya gari karibu na Clarksdale, Mississippi, maelfu walifurika Philadelphia kumsindikiza, kisha kaburi lake likakaa miaka 33 bila jiwe. Mwaka 1970 Columbia ilianza kuzitoa upya rekodi zake zote. Mwaka huohuo jiwe nalo likasimamishwa. Waliotoa fedha ni Janis Joplin, mwimbaji wa roki, na Juanita Green, ambaye utotoni alikuwa akimfanyia Bessie kazi za nyumbani.

Arthur Crudup naye hakukosa sifa. Wimbo wake "That's All Right", aliourekodi mwaka 1946, ndio uliomtoa Elvis Presley mwaka 1954, na Elvis alimtaja kwa heshima gazetini. Lakini haki za nyimbo zilikuwa mikononi mwa meneja, Lester Melrose. Crudup alichoshwa na malipo, akaacha kurekodi, akarudi kwenye vibarua vya shambani. Alifariki mwaka 1974. Fedha za maana ziliifikia familia baada ya mazishi.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Hapana. Mwaka 1966 vijana watatu wa Uingereza, kundi la Cream, waliurudia "I'm So Glad" wa Skip James, uliorekodiwa mwaka 1931 bila kupata wanunuzi wa kutosha. Wakamwandika James kuwa mtunzi. Mrabaha ukamfikia yungali hai, akiugua saratani. Wapenzi wa bluzi ya zamani wanaolalamika kwamba Cream wana makelele wana haki yao, ila kelele hizo zililipa.

Ndiyo maana chini ya kila santuri inayojadiliwa humu pamewekwa mtunzi, mwaka, mji wa kurekodia na, inapojulikana, msanii alivyolipwa. Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya wahasibu. Waanze na makala ya kwanza, inayomhusu Big Mama Thornton: "Hound Dog" yake, aliyoirekodi mwaka 1952, ilikaa wiki saba kileleni mwa chati ya muziki wa watu weusi, miaka mitatu kabla Elvis hajaigusa.