Kabla kijana hajakata sailensa ya gari lake

Kijana akipata gari lake la kwanza, mara nyingi gari dogo lililotumika kutoka Japani, mambo yanayomjia kichwani ni matatu: rimu, muziki na mlio. Rimu hazimsumbui mtu. Muziki una kitufe cha kupunguza. Mlio ndio unaoleta ugomvi nyumbani, kwa sababu sailensa ikishakatwa hakuna kitufe cha kuurudisha chini.

Wazazi wengi hulijua jambo hili likiwa limeshatokea. Gari limeondoka asubuhi kimya, jioni linarudi likinguruma tangu mwanzo wa mtaa. Kichanga cha jirani kinashtuka, mbwa wanabweka, baba anatoka nje na maneno makali. Kijana naye ana jibu tayari: “Baba, gari bila mlio si gari.”

Kabla ugomvi haujafika mbali, kuna jambo moja ambalo mzazi anafaa kulijua. Anachokipenda kijana ni sauti nzito ya injini, na sauti hiyo inaweza kupatikana bila kuumiza masikio, bila kuwanyima watu usingizi na bila kuingiza moshi ndani ya gari. Kinachoharibu mambo ni haraka ya kukata na kuchomelea bila mpango.

Kelele hufanya nini mwilini

Ndani ya kila sikio, katika sehemu inayoitwa koklea, kuna maelfu ya seli ndogo zenye vinyweleo. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa inayokwenda kwenye ubongo. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena. Ndiyo maana usikivu uliopotea kwa sababu ya kelele haurudi kama kidonda kinavyopona.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu desibeli 60. Taasisi ya Marekani ya Usalama na Afya Kazini (NIOSH) inashauri mtu asikae kwenye kelele za desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 94 ni saa moja tu, na desibeli 100 ni robo saa.

Wanaopata kipimo kikubwa zaidi ni walio karibu na gari: kijana mwenyewe, rafiki zake wanaoinama nyuma ya bomba kusikiliza mlio, na mdogo wake aliyekaa kiti cha nyuma. Ikiwa baada ya safari masikio yanalia “wiii” au yanahisi kama yamezibwa na pamba, hiyo ni dalili kwamba yamezidiwa. Hali hiyo ikijirudia au ikidumu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Usingizi nao huathirika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa nchi za Ulaya, uliotolewa mwaka 2018, unashauri kelele za magari barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Mwili husikia hata mtu akiwa amelala: mapigo ya moyo huongezeka na usingizi mzito hukatika, hata kama aliyelala hakumbuki asubuhi kwamba alishtuka. Kwa mtoto anayekua, mgonjwa wa shinikizo la damu au bibi mwenye usingizi mwepesi, gari moja linalopita saa sita usiku si jambo dogo.

Mlio unatoka wapi

Injini hutoa moshi kwa mapigo. Injini ya silinda nne, kama zilivyo nyingi za magari madogo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kila sekunde. Mapigo hayo yakitoka bila kizuizi huwa kelele tupu.

Kiwandani, gari huwekewa vitu vitatu vya kuyatuliza kwenye ekzosi. Cha kwanza ni sega, ambalo kazi yake kubwa ni kupunguza gesi zenye sumu, lakini pia linatuliza sauti. Cha pili ni risoneta, kopo linalopunguza aina fulani ya mvumo. Cha tatu ni sailensa yenyewe, ile ya nyuma.

Vijana wengi hutamani mlio wa Subaru za zamani. Ni vizuri waambiwe kwamba sifa ya mlio ule haikutokana na kukosa sailensa. Ulitokana na mabomba ya kutolea moshi kwenye injini kuwa na urefu usiolingana, hivyo mapigo yanafika kwa kupishana. Gari lilitoka kiwandani na sailensa yake na bado lilisikika tofauti. Gari la aina nyingine likikatwa sailensa halipati sauti hiyo. Linapata kelele tu.

Dhana nyingine ya kusahihishwa ni kwamba kelele ni nguvu. Kwenye injini ndogo isiyo na turbo, kubadili sailensa ya nyuma peke yake huongeza nguvu kidogo sana, au haiongezi kabisa. Kilichobadilika ni kile ambacho sikio linasikia.

Hatua kwa anayeanza

Anza na mivujo. Kabla ya kununua chochote, fundi akague gasketi, viungo na sehemu zilizochomelewa. Masizi meusi kwenye kiungo ni alama ya moshi kuvuja. Gari likiwashwa likiwa bado la baridi, tena mahali pa wazi, sauti ya “fsss” au ya kugonga huonyesha penye tundu. Mara nyingine gari linalopiga kelele halihitaji sailensa mpya, linahitaji gasketi.

Hatua hii si ya masikio pekee. Moshi unaovuja chini ya gari unaweza kuingia ndani ukiwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Abiria wakianza kuumwa kichwa, kupata kizunguzungu au kichefuchefu, gari lisimamishwe, wote watoke nje wapate hewa, na waende hospitali. Watoto wadogo na mama mjamzito wako kwenye hatari kubwa zaidi.

Usikate, fungua. Sailensa ya kiwandani ifunguliwe kwa boliti na ihifadhiwe nyumbani. Mlio mpya ukishindikana, au gari likitakiwa kuuzwa, kurudi nyuma kutakuwa rahisi. Iliyokatwa kwa msumeno huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Acha sega mahali pake. Wapo watakaomshawishi kijana alitoe na kuliuza. Kulitoa huongeza kelele, harufu na gesi zenye sumu ambazo mtaa mzima utazivuta, kuanzia na wanaoishi nyumba moja na gari hilo.

Chagua sailensa kwa ukubwa wa mwili wake, si kwa upana wa mdomo wake. Zipo zenye vyumba ndani, ambazo huzungusha moshi na kutuliza sauti sana. Zipo zenye bomba lililonyooka lenye matundu, lililozungushiwa pamba ya kioo au ya chuma, ambazo hutoa sauti nzito. Kwa aina hii ya pili, yenye mwili mrefu na mpana hutuliza zaidi kuliko fupi. Pamba yake huchakaa, hivyo mlio uliokuwa wa adabu mwaka huu unaweza kuwa wa fujo baada ya muda. Ni kitu cha kukaguliwa, si cha kufunga na kusahau.

Usizidishe upana wa bomba. Kwa injini ndogo ya silinda nne isiyo na turbo, bomba la inchi 2 au zaidi kidogo linatosha. Bomba la inchi 3 kwenye gari la namna hiyo humpa kijana makelele na gharama.

Ondoa mvumo kwa risoneta. Wengi hufurahia mlio mjini, kisha wakishika barabara kuu wanakutana na mvumo mmoja usiokoma unaochosha kichwa. Huo hutokea sauti ya injini inapolingana na mtikisiko wa hewa iliyo ndani ya bomba au ndani ya gari. Dawa yake ni risoneta iliyofungwa katikati ya ekzosi, au kijibomba cha pembeni kilichozibwa mwisho, ambacho urefu wake hupigiwa hesabu ili kirudishe wimbi la sauti linaloua lile la kwanza. Elimu ya namna hewa ndani ya chombo inavyoitikia sauti ina mchango mkubwa wa Hermann von Helmholtz, Mjerumani wa karne ya 19 aliyesomea udaktari na kuchunguza kwa kina jinsi binadamu anavyosikia.

Kizibo ni cha dharura. Vipo vizibo vinavyofungwa kwenye mdomo wa ekzosi kupunguza sauti. Vinasaidia kwa safari fupi, lakini hubana moshi, hupunguza nguvu ya gari na huongeza joto. Kama gari linahitaji kizibo kila siku, sailensa iliyofungwa siyo.

Kataa milio ya risasi. Ile “pa-pa-pa” wakati wa kuachia mafuta ni mafuta yanayowaka ndani ya ekzosi badala ya injini. Hushtua watoto na wazee, na joto lake huharibu sega.

Kupima kabla ya kusifia

Mafundi na marafiki watasema mlio “uko poa”. Ni bora kupima. Nchini Japani, magari ya abiria yenye injini mbele yaliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 yaliwekewa ukomo wa desibeli 96 yakiwa yamesimama. Kipimo huwekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, pembeni kwa nyuzi 45, injini ikizungushwa kwa robo tatu ya mizunguko inayotoa nguvu yake ya juu.

Nyumbani, programu ya kupima sauti kwenye simu haiwezi kuwa sahihi kama kifaa cha kitaalamu, lakini inafaa kulinganisha. Pima gari likiwa na sailensa ya kiwandani, kisha pima tena baada ya kubadili, kwa simu ileile, mahali palepale. Ongezeko la desibeli 10 husikika kwa watu wengi kama sauti imekuwa kubwa mara mbili. Anayepima avae vizuia kelele masikioni, na watoto wawe mbali.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na Kenya ina za kwake za mwaka 2009. Kijana anayekamatwa barabarani kwa ajili ya mlio atalipa kwa fedha ambazo zingenunua sailensa nzuri.

Mazungumzo ya nyumbani

Kumnyang'anya kijana funguo humaliza kelele za siku moja. Kijana aliyekatazwa bila maelezo huenda gereji nyingine na kufanya mambo kwa siri, kwa bei rahisi na kwa kazi mbaya. Mzazi anayeuliza “mwanangu, unataka isikike vipi?” anapata nafasi ya kwenda naye kwa fundi na kuuliza maswali matatu: sega linabaki? Viungo vyote vimekaguliwa? Sailensa ya zamani tunaondoka nayo?

Kisha wakubaliane kanuni za nyumbani. Gari lisipigwe resi asubuhi kwa kisingizio cha kupasha injini moto, linaweza kuondoka taratibu baada ya muda mfupi. Liegeshwe mdomo wa ekzosi ukielekea barabarani, si kwenye madirisha ya vyumba vya kulala wala ukutani, kwa sababu ukuta hurudisha sauti. Ikifika saa nne usiku, mtaani liingie kwa mguu mwepesi. Na mtoto mdogo asipandishwe kwenye gari ambalo ekzosi yake inavuja, hata kama ni safari ya kwenda dukani tu.

Kijana atabaki na mlio wake. Jirani atabaki na usingizi wake. Na masikio ya wote, ambayo hayana kipuri dukani, yatabaki salama.