Papai, Mbuzi na Cheti cha Mjomba: Majibu ya Maabara ni Mali ya Nani?



Mimi ni nesi, nina miaka 36, nina digrii ya uuguzi na nafanya kazi wodi ya magonjwa ya kifua hapa Uingereza. Si mwanasiasa wala sina kadi ya chama. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu 2021, na kila nikiwasikia watu wetu wakibishana kuhusu "vipimo feki" naona nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki.

Februari 2021 mjomba wangu alifariki Dar es Salaam. Aliumwa siku tisa: homa, kikohozi, halafu pumzi zikaanza kukata. Nilimsikia kwenye simu anavyohema, nikajua hali si nzuri. Nikamwambia binamu yangu, mwombeni daktari ampime. Hospitali wakamjibu kwamba hawapimi, hiyo ni "changamoto ya upumuaji" tu. Cheti cha kifo kikaandikwa nimonia. Maiti ikaoshwa nyumbani na vijana wetu, matanga yakajaa watu kutoka Tanga na Dar, na wiki mbili baadaye mkewe naye akamfuata. Je, ilikuwa Korona? Sijui. Na hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuna atakayejua milele.

Turudi nyuma kidogo. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais Magufuli (Mungu amrehemu) akasema kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara ya taifa kwa siri zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina Korona. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Takwimu zikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hazikusogea. Julai 2020 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikamkataza mtu kuandika habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila kibali cha mamlaka. Kwa hiyo kipimo kikafungwa, na mdomo nao ukafungwa.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu litawashangaza. Kuitilia shaka maabara si kosa. Kupeleka sampuli za siri ili kuipima maabara yenyewe ni utaratibu wa kawaida kabisa duniani. Maabara zenye sifa huletewa sampuli ambazo hazijui zina nini, na zikikosea huambiwa zijirekebishe. Kosa lilikuwa kwenye namna lilivyofanywa, na zaidi kwenye kilichofuata.

Nieleze kwa lugha nyepesi. Kipimo cha PCR hakimtafuti mgonjwa. Kinatafuta kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi, kisha kinakizidisha mara nyingi sana mpaka kionekane. Nguvu yake ndiyo udhaifu wake. Chembe kidogo tu ya sampuli nyingine ikigusa papai, iwe mezani kwa aliyelikata, kwenye glovu au ndani ya maabara, papai litasomeka lina Korona. Ndiyo maana kila mara hupimwa pia sampuli ambayo inajulikana haina kirusi na nyingine inayojulikana inacho, ili kulinganisha. Vipimo vingi pia hutafuta kinasaba cha binadamu, kuhakikisha kwamba kijiti cha pamba kweli kilipita puani mwa mtu.

Kwa hiyo papai likirudi na majibu mabaya, maswali ya kuuliza yanajulikana. Ile ya kulinganisha ilisomaje? Sampuli ileile ikirudiwa inasomaje? Maabara ya nchi nyingine inasemaje? Africa CDC, ambao walisaidia kusambaza vipimo hivyo, walisema vipimo vilikuwa vizima. Basi tungerudia, tukapata ukweli, tukautangaza. Badala yake tukavunja kioo kwa sababu hatukupenda sura tuliyoiona.

Msidhani nawasifu wazungu. Hapa Uingereza tarehe 12 Machi 2020 serikali iliacha kupima watu mitaani, ikabaki kupima hospitali tu, na sisi manesi tukawa tunahudumia watu bila kujua nani anao. Marekani vipimo vya kwanza vilivyosambazwa na CDC yao Februari 2020 vilikuwa na kasoro, wakapoteza wiki za thamani. Na mwaka 2021 maabara moja binafsi ya Wolverhampton ilitoa majibu ya makosa, watu wapatao 43,000 wakaambiwa hawana Korona ilhali huenda wanayo. Aibu kubwa! Lakini angalieni ilivyogundulika: watu walipima kwa kipimo cha nyumbani wakajikuta wanao, cha maabara kikasema hawana, wakapiga kelele. Maabara ikasimamishwa, wananchi wakatangaziwa warudie kupima. Kupima kwenyewe hakukusimama. Kosa la kipimo lilirekebishwa kwa kupima zaidi.

Tuwe waadilifu pia kwa nyumbani. Marburg ilipozuka Kagera Machi 2023, sampuli zilipimwa hapohapo nchini, ikatangazwa haraka, na ikamalizwa kwa wagonjwa tisa na vifo sita. Vijana wetu wa maabara waliweza, na walipoachiwa wakafanya. Lakini Januari 2025 tukateleza tena. Tarehe 14 WHO wakasema kuna watu wanashukiwa Kagera, serikali ikajibu kwamba sampuli zote hazina kitu. Tarehe 20 Rais Samia, akiwa na mkuu wa WHO pale Dodoma, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa, na kipimo kilianzia kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile, kulekule Kagera. Nampongeza kwa kutangaza. Ila somo libaki: ukipima Marburg kabla siku tatu za dalili hazijatimia na jibu likawa hana, lazima urudie. Jibu la "hana" la mara moja si ruhusa ya kusema "hakuna".

Na bei ya kuchelewa inalipwa na nani? Si mkubwa mwenye walinzi. Analipa nesi anayesafisha matapishi bila kujua anagusa nini. Analipa muosha maiti. Analipa mama anayekaa karibu na mgonjwa akimpepea. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, chama chake kilitangaza waziwazi kwamba ana Korona kabla hajafariki tarehe 17 Februari 2021. Ukweli ule ulisaidia wengi kujihadhari. Mjomba wangu hakuwa na chama cha kumtangazia.

Ninachotaka ni mambo matatu. Kwanza, sheria iipe maabara ya taifa haki na wajibu wa kutangaza majibu ya magonjwa ya mlipuko ndani ya muda maalum, bila kusubiri ruhusa ya mwanasiasa. Pili, mtaalamu wa maabara asiguswe kazini kwake mpaka wenzake wa fani wamchunguze. Tatu, maabara za mikoani ziongezwe na ziwe na vitendanishi mwaka mzima, siyo mpaka maiti zihesabike.

Na sisi tulio nje tujiangalie. Msiba ukitokea tunachangishana mara moja, pesa inafika kabla ya maziko. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza mbunge wa kwetu kama maabara ya mkoa inaweza kupima chochote? Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyolelewa. Sisi tulificha mpaka na jina la kilichotuumbua.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, nitamsikiliza. Matusi hayatanirudishia mjomba.

Naomba kutoa hoja.