Nyota Tumezipa Majina, Elimu Yake Je?

Ni wanafunzi wangapi nchini wajuao kwamba angani kuna nyota iitwayo Kalausi, na kwamba sayari inayoizunguka huitwa Buru? Majina hayo ni ya Kijaluo: kalausi ni upepo wa kisulisuli, na buru ni vumbi. Yalitoka Kenya mwaka 2019, wakati Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipoadhimisha miaka 100 kwa kuzialika nchi zaidi ya 100 zitoe majina, kila nchi nyota moja na sayari yake. Ndugu zetu wa Tanzania waliita nyota yao Mpingo, na sayari yake Tanzanite.

Hatua hiyo ilistahili pongezi. Hata hivyo, jina si elimu. Anayejua jina la sayari bila kujua jinsi ilivyogunduliwa amepewa ganda akanyimwa kiini.

Buru iligunduliwa mwaka 2000 kwa kifaa kilichoko La Silla, nchini Chile, kinachochunguza nyota moja moja na kupima jinsi inavyoyumba kwa kuvutwa na sayari. Tanzanite ilipatikana kwa njia nyingine. Watafiti wa mradi wa WASP walifunga pamoja kamera 8 zenye lenzi za kupigia picha za kawaida, zikatazama eneo kubwa la anga kwa mara moja. Kituo kimoja kilikuwa La Palma, katika visiwa vya Kanari, na kingine Sutherland, Afrika Kusini. Walichotafuta ni nyota kufifia kidogo pindi sayari ipitapo mbele yake. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama jua letu huziba takriban asilimia 1 ya mwanga. Iliyo sawa na dunia yetu huziba chini ya sehemu 1 kati ya 10,000. Kwa kuwa hakuna ajuaye ni nyota ipi itakayofifia, sharti nyingi zitazamwe pamoja. Mvuvi asiyejua samaki waliko hatupi mshipi, hutandaza juya.

Hali ni hiyo hiyo kwa matukio ya ghafla. Mnamo Agosti 17, 2017, mawimbi ya mvutano yaliashiria kwamba nyota mbili za nyutroni zimegongana. Mwanga wake ulipatikana baada ya saa chache tu, ukafifia katika siku zilizofuata. Ili matukio kama hayo yasitupite, darubini ya Rubin huko Chile, yenye kioo cha mita 8.4, ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Picha yake moja hufunika anga ya ukubwa wa miezi mipevu ipatayo 40.

Je, haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Roret, katikati ya majani chai ya Bureti? Yanamhusu sana. Roret iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Kwa mwaka mzima, karibu anga yote hupita juu yake. Mpingo hupita karibu na utosi. Kalausi, isiyochomoza kamwe London, huonekana Roret kwa darubini ndogo ya mkononi. Ni kweli kwamba mawingu yanayoinywesha chai hayafai kwa kituo kikubwa cha utafiti; lakini somo halihitaji kituo.

Wala mtoto wa huko haji shuleni mikono mitupu. Waswahili walitazama Kilimia wajue majira ya kulima. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, jamaa za Wakipsigis, aliandika kwamba waliliita kundi hilo hilo la nyota Koremerik, wakalitumia kubashiri mavuno. Kiswahili nacho kina sayari, kimondo, Zuhura na Zohali. Kilichopungua ni istilahi za utendaji. Napendekeza mpito kwa sayari kupita mbele ya nyota yake, na darubini ya uga mpana kwa zile zinazotazama eneo kubwa.

Atatokea wa kuuliza: faida gani, ilhali sayansi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza? Jibu ni kwamba kukariri si kuelewa. Mwanafunzi aliyeeleza mpito kwa maneno yake mwenyewe atalijibu swali hilo kwa lugha yoyote. Aliyekariri fasili atakwama pindi swali litakapogeuzwa.

Basi mwalimu wa Fizikia na mwenzake wa Kiswahili na watenge kipindi kimoja cha pamoja. Yatosha balbu, mpira mdogo na ukuta mweupe: mpira upitishwe mbele ya balbu, wanafunzi waone mwanga ukipungua ukutani, kisha waandike insha ya jinsi Tanzanite ilivyogunduliwa. Istilahi haziishi ndani ya kamusi; huishi madaftarini na vinywani mwa wanaozitumia. Shule za Kericho na Bomet zaweza kuanza muhula huu, bila kungoja waraka wa wizara.