Tulipewa Jina, Sasa Tusome Data

Kila Jamhuri Dei lazima mtu aposti ile picha ya satelaiti ya Uhuru na bendera juu. Tunagonga laiki, tunasonga. Hata mimi nimewahi. Mwaka huu nimekataa.

Kwa wale hawajui stori: tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani pekee. Marjorie Townsend wa NASA akaiita Uhuru kwa sababu ilikuwa siku yetu. Na Malindi haikuchaguliwa juu ya madafu. Ukirusha karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unakusukuma bure.

Ilipata nini? Centaurus X-3, kitu kinachopiga eksirei kila sekunde 4.8 kama moyo. Hiyo ni nyota ya nyutroni: uzito kushinda jua, lakini imefinywa hadi ukianza kuikata hapa Njenga, itaisha kabla hujafika Kikuyu. Inanyonya gesi ya nyota jirani. Gesi haianguki tu moja kwa moja, inazunguka kama maji yakiingia shimo la sinki, inasuguana, inafika joto la mamilioni ya digrii.

Utajuaje joto la kitu huwezi gusa? Simama kwa fundi wa mageti. Chuma kikianza kushika moto ni chekundu, kikizidi kinaelekea kuwa cheupe. Spektroskopia ni hesabu hiyo hiyo, ila ya eksirei. Hata chuma chenyewe kiko kwenye ile diski, na kinatoa eksirei za kiwango chake. Mwendo na mvuto wa nyota unazitandaza. Pima zimetandazwa aje, utajua gesi imekaribia nyota kiasi gani. Mwaka 2007 wanasayansi waliripoti hiyo kwa nyota ya nyutroni ya Serpens X-1. Manze, chuma!

Sasa hasira yangu. Riccardo Giacconi alipata Nobel 2002, na aliifanyia kazi. Sisi tulipata jina. Lakini siku hizi data ya NICER, darubini ya NASA ya eksirei, iko mtandaoni bure. Programu ya kuisoma, XSPEC, pia ni bure. Kinachokosa mtaani ni kompyuta, bando, na mtu wa kukaa na wewe wiki kadhaa bila kukuonyesha madharau. Serikali inapenda sherehe za roketi. Taifa-1 ilirushwa Marekani 2023, tukapiga makofi. Mimi ningeanza na kompyuta kumi kwa soshohol.

Najua kuna msee atasema maji na vyoo kwanza. Sawa, tunavitaka, na tumevitaka kitambo. Lakini vijana wa hapa wakifunzwa ngumi ama densi, mbona hakuna mtu huuliza hilo swali?

Kama una kompyuta ya zamani inayobeba Linux, inboksi yangu iko wazi. Tunaanza na Centaurus X-3.